Atachimenti si Fadhila

Wiki hii niliuliza watu kadhaa swali moja, wengi wao wasee waliosomea vyuo vya kiufundi. Kampuni iliyokuchukua kwa mafunzo ya nyanjani ikifunga mlango kabla hujamaliza, ni nani anafaa kukutafutia mahali pa kumalizia?

Wote walinijibu vile vile: "Si ni wewe mwenyewe?" Hakuna aliyesita, na hakuna aliyesema chuo. Mmoja hata alicheka, ati hilo ni swali gani.

Hiyo ndiyo inanisumbua. Tumezoea kuamini kwamba atachimenti ni bahati yako, ama ni mjomba wako anayejua mtu, ama ni huruma ya bosi fulani. Corona ilipokuja, ile tabia yetu ya kumwachia mwanafunzi mzigo wote ilionekana wazi. Miaka imepita, barakoa tumetupa, na tabia tumebaki nayo.

Kwa wale hawajapitia haya, acha nieleze haraka. Ukisomea magari, umeme, mabomba, upishi, ushonaji ama urembo, hupewi cheti kwa kukaa darasani tu. Lazima uende mahali kazi inafanyika. Mimi nilitakiwa kukaa wiki 12. Unajaza logibuku kila siku, umefanya nini na umejifunza nini. Msimamizi wako anatia sahihi na muhuri. Mkufunzi kutoka chuoni anakuja kukuona ukiwa kazini. Logibuku isipokamilika, cheti hakitoki, hata kama mitihani yote umepita.

Sasa rudi Machi 2020. Kisa cha kwanza cha corona Kenya kilitangazwa tarehe 13. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule zinafungwa, na vyuo vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili ikatangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi, na siku mbili baadaye zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale.

Mimi nasomea ufundi wa magari wakati huo. Nilikuwa wiki ya tano kwenye gereji ya kampuni moja kubwa huko Industrial Area. Tuliambiwa wanagenzi wote wabaki nyumbani "hadi mtakapojulishwa." Hadi leo hatujajulishwa.

Siwezi kusema kampuni ilikosa kwa kutuambia tukae nyumbani. Wafanyakazi wao wenyewe walikuwa wanapewa likizo bila malipo. Mtu anayepunguza mafundi wake hawezi kuendelea kukaa na wanagenzi. Nilichoshangaa ni kwamba hakuna mtu mwingine yeyote aliyejiona kuwa anahusika. Nilipigia chuo, nikaambiwa ngoja. Nikangoja.

Kumbuka wengine walikuwa na kitu. Watoto wa shule walikuwa na masomo kwa redio na televisheni. Wa vyuo vikuu, angalau wenye bando na simu nzuri, walikuwa kwa Zoom. Lakini huwezi kubadilisha klachi kwa Zoom. Huwezi kujua joto la mafuta ya kukaangia kwa kuangalia video. Ufundi unaingia kupitia mikono, na mikono yetu ilikuwa imekaa bure.

Ama tuseme ilikaa bure kwenye makaratasi. Kwa sababu kule mtaani mambo yalikuwa tofauti.

Rafiki yangu mmoja alikuwa anasomea upishi na alikuwa na nafasi kwenye hoteli Mombasa. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25 Machi na hazikurudi hadi tarehe 1 Agosti. Hoteli bila watalii ikafanya nini? Ikafunga. Yeye ni wa bara, na Mombasa ilikuwa imefungwa, kwa hivyo alikwama huko kwa chumba cha kukodi hadi Julai. Akaanza kuuza viazi karai na mhogo nje ya ploti. Kila siku ananunua, anapiga hesabu, anapika, anahudumia wateja, anaosha vyombo, anaangalia faida. Jirani wakaanza kumwagizia pilau ya mikutano midogo ya familia. Miezi mitatu ya kupika kwa ajili ya watu wanaolipa, na logibuku yake haina hata mstari mmoja wa kipindi hicho.

Mimi nilienda kwa fundi mmoja mtaani kwetu, upande wa Kariobangi, ambaye anatengeneza matatu. Matatu ya abiria 14 ilikuwa inaruhusiwa kubeba 8. Nauli ikapanda, lakini wenye magari bado walikuwa wanalia hasara, kwa hivyo hakuna aliyetaka kusikia habari ya gereji kubwa. Walikuja kwa Mzee. Alikuwa na kazi hadi anakosa mikono.

"Kijana, unajua kufungua injini?" aliniuliza.

"Nimesoma, Mzee."

"Sijauliza kama umesoma."

Kule kwa kampuni, kwa wiki tano nilikuwa nimeshika kitambaa kuliko spana. Gari likija, fundi wao anafanya, wewe unasimama nyuma unamulika tochi. Kwa Mzee, wiki ya tatu nilikuwa nimefungua injini yote ya Toyota Hiace, tukabadilisha pistoni ringi, tukafunga, na ikawaka. Nilijifunza kusikiliza beringi inayoanza kufa. Nilijifunza kumwambia mteja bei bila kutetemeka, na kumwambia ukweli kwamba hiyo sauti haitaisha kwa kuongeza oili. Tulikuwa tunafunga saa kumi jioni ili kila mtu afike nyumbani kabla polisi hawajaanza na rungu.

Vyuo vilipofunguliwa tena, nilienda na daftari langu. Nilikuwa nimeandika kila kitu, tarehe, aina ya gari, shida ilikuwa nini, tulifanya nini. Nilikuwa na picha kwa simu. Jibu nililopewa lilikuwa fupi: huyo fundi hana barua yenye nembo, hana muhuri, hatambuliki. Na zile wiki tano za kwanza? Hazikukamilika, anza upya wiki 12.

Nikauliza nianzie wapi, kwa sababu ile kampuni haichukui mtu tena.

"Tafuta."

Sasa fikiria hiyo hesabu. Darasa letu lilikuwa linatafuta nafasi. Darasa lililotufuata pia lilikuwa linatafuta. Kampuni zilizobaki wazi zilikuwa zimepunguza watu. Kwa hivyo tulikuwa wengi kuliko kawaida mbele ya mageti machache kuliko kawaida, kila mtu na bahasha yake ya kaki, soja wa geti akituambia acha barua hapo tutapiga simu. Nauli ni yako. Lanchi ni yako. Bima ni yako pia, maana kampuni nyingi hazikuruhusu kuingia bila karatasi ya bima.

Mimi nilipata mahali mwaka uliofuata, kwa sababu mkufunzi mmoja alijitolea kupiga simu. Nina cheti. Lakini wapo tulioanza nao ambao hawakurudi. Mmoja aliingia boda akiwa anangoja nafasi, akapata mtoto, na sasa hawezi kuacha kazi ya kila siku aende kufanya kazi wiki 12 bila malipo. Mwingine ni fundi mzuri kuniliko, nasema hivyo bila aibu. Alipotaka kuomba kazi ya gereji huko Ghuba, kitu cha kwanza kuulizwa kilikuwa cheti. Hana. Hakushindwa mtihani wowote na hakukosa ada. Karatasi moja tu ilikosa muhuri kwa sababu ya virusi ambavyo hakuvileta yeye.

Na usidhani nchi haikuwa na kazi ya kutupa. Mnakumbuka zile mashine za kunawa mikono za kukanyaga kwa mguu? Zilikuwa kila mahali, kwa duka, kwa stendi, nje ya benki. Juni 2020 mtoto wa miaka 9 kutoka Bungoma alipewa tuzo ya rais kwa kutengeneza moja kwa mbao na misumari. Nilifurahi sana kwa ajili yake, na alistahili. Lakini pia nilijiuliza: sisi tuliosomea kuchomelea vyuma, kupima, kukata, kuunganisha mabomba, mbona hakuna aliyetuambia, "Tengenezeni tano za zahanati ya karibu, pigeni picha, mkufunzi atakuja kukagua, na hiyo itahesabiwa"? Waliosomea ushonaji walishona barakoa hadi vidole vikauma. Wangapi walishona barakoa hizo kama sehemu ya atachimenti? Kazi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba kazi hiyo ni masomo.

Acha niseme pia kuhusu yule mkufunzi, kwa sababu sitaki mtu afikirie kila kitu kinahitaji bajeti. Kila Ijumaa jioni alikuwa anawapigia wanafunzi wake wachache wachache, kwa kredo yake. Maswali yalikuwa matatu. Wiki hii umeshika nini? Nini kilikushinda? Nani yuko karibu na wewe anayejua hiyo kazi? Hilo la mwisho ndilo lilinifanya niende kwa Mzee, kwa sababu nilitaka kuwa na jibu Ijumaa inayofuata. Simu ya dakika sita ilinifanya nisiache kujiona mwanafunzi. Watu wengi walioacha hawakuamua kuacha siku moja. Waliacha polepole, wiki baada ya wiki bila mtu wa kuwauliza.

Sasa wacha tuongee pesa.

Ujerumani, ambako vijana wengi hujifunza ufundi wakiwa ndani ya kampuni, serikali iliangalia mwaka 2020 ikaona nafasi za wanagenzi zitapotea. Ikasema kampuni ndogo au ya kati iliyoumizwa na corona, ikiwa haitapunguza nafasi zake za wanagenzi, italipwa euro 2,000 kwa kila mkataba mpya wa mafunzo. Ikiongeza nafasi, euro 3,000 kwa kila ya ziada. Najua, najua, hatuna pesa za Ujerumani. Ninachotaka uone ni kwamba kuna mtu serikalini aliyekaa chini akahesabu kiti cha mwanagenzi kama kitu cha kulindwa, kama vile wengine walivyokuwa wanalinda benki na mashirika ya ndege.

Na sisi pia si ati hatuna chochote. Kenya kuna ushuru wa mafunzo ya viwandani. Mwajiri hutakiwa kulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na pesa hizo huenda kwa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Kampuni ya watu 200 hulipa 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Mwajiri anayefundisha watu wake anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama. Kwa hivyo mfuko upo, sheria ipo, na ofisi ipo. Swali langu ni kwa nini, siku milango ikifungwa, mfuko huo usiwe na fungu la dharura la nauli, lanchi na bima ya mwanagenzi aliyekwama, popote atakapoenda kumalizia.

Hapo najua mtu atasema, "Na usalama je? Jua kali hakuna kofia, hakuna glavu, hakuna bima. Tukipeleka wanafunzi huko wakiumia?" Hiyo hoja ni nzito na siwezi kuipuuza. Mzee mwenyewe ana kovu la mkono ambalo angeweza kuliepuka kwa glavu za bei ndogo. Lakini sikiliza: wanafunzi tayari wako huko. Walienda wakati wa corona na wanaenda hata sasa. Ukikataa kutambua mahali walipo, hujawalinda. Umejitoa tu kwenye lawama. Chuo kikitambua gereji ya mtaa, mkufunzi anaweza kufika, akaangalia, akasema hapa sawa, hapa hapana, nunueni kizima moto kwanza.

Mwingine atasema fundi wa mtaa hawezi kutoa alama. Lakini NITA imekuwa ikitoa mitihani ya ufundi kwa watu wa jua kali kwa miaka mingi, kutoka daraja la 3 hadi la 1, hata kwa ambaye hakuwahi kukaa chuoni. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Kama tunakubali kwamba fundi anaweza kupewa cheti kwa kile anachokijua, tunakataaje kwamba kijana aliyekaa kando yake miezi mitatu amejifunza kitu? Mtaala wa umilisi wenyewe unadai ushahidi wa kazi uliyofanya. Picha ninazo. Tarehe ninazo. Gari bado linatembea barabarani, nendeni mliulize.

Kwa hivyo nikiulizwa tufanye nini, majibu yangu ni haya, na hayahitaji kamati ya miaka mitatu.

Chuo kilichomsajili mwanafunzi kiwe ndicho kinachodaiwa nafasi. Mwanafunzi akijitafutia, vizuri, lakini akikosa, jukumu ni la chuo. Kiwe na orodha ya waajiri wadogo na wakubwa, iliyokaguliwa mapema wakati kuna amani, si siku mambo yameharibika.

Wiki alizofanya mtu zihesabiwe. Wiki tano ni wiki tano. Akihamia mahali pengine aendelee na ya sita. Kumrudisha kwenye sifuri ni kumwadhibu kwa janga.

Fundi wa mtaa mwenye daraja la NITA, ama aliyekaguliwa na chuo, sahihi yake ikubaliwe. Hana muhuri? Chuo kimpe fomu yenye muhuri wa chuo. Muhuri si kitu cha kushinda taasisi nzima.

Na kila mwanafunzi aliyekwama awe na mtu mmoja wa kumpigia simu kila wiki. Mmoja tu, anayejua jina lake.

Sasa kuna wale mtasema corona iliisha, mbona narudia haya? Kwa sababu mwanya ule ule bado upo. Aprili 2024 mafuriko yaliharibu barabara na nyumba, hadi ufunguzi wa shule ukaahirishwa kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei. Kiwanda kinaweza kufunga hata bila janga lolote la kitaifa. Inatosha bosi apoteze mteja mkubwa. Mwanagenzi ndiye wa kwanza kuambiwa aende nyumbani, kwa sababu hayuko kwa orodha ya mishahara na hakuna chama kitakachomtetea. Na wale waliokwama 2020 bado wapo hapa mtaani, na wengine wao ndio wanaokutengenezea gari.

Kama uko kwa atachimenti saa hii, usingoje mambo yabadilike. Andika kila siku, hata siku ambayo umefagia tu. Piga picha za kazi kabla na baada, bila sura ya mteja. Mwombe msimamizi atie sahihi kila Ijumaa, usingoje mwisho, kwa sababu mwisho unaweza kuja Jumanne. Weka nakala ya logibuku kwa simu na kwa barua pepe. Hifadhi namba ya msimamizi wako, ya kwake binafsi, si ya ofisi.

Na kama wewe ni mkufunzi, chukua orodha ya darasa lako la 2020. Angalia majina ambayo hayajachukua vyeti. Piga simu moja leo jioni. Muulize ameshika nini tangu mwachane.

Utashangaa venye jibu ni refu.